Bustani ya lupango Lubumbashi: pesa kidogo ianzie kwenye udongo

Mtu akipata faranga kidogo za bustani ya lupango, yaani kiwanja cha nyumbani, mara nyingi hukimbilia paketi za mbegu na chupa ya dawa. Udongo anauacha kama alivyoukuta: mwekundu, mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, unateleza kama sabuni mvua ikinyesha. Mbegu zinaota, majani mawili matatu yanatoka, kisha mche unaganda pale pale, wa njano, haukui wala haufi. Lawama anatupiwa muuza mbegu. Lakini udongo mwekundu wa hapa kwetu una uchachu, fosforasi yake ni haba na mboji yake ni haba zaidi. Mvua ya mwaka mzima, kama milimita 1,200, inashuka karibu yote kati ya Novemba na Machi, na kila inaposhuka inaosha hata kile kidogo kilichobaki.

Kwa hiyo katika kila faranga 10 za bustani, 6 ziende kwenye udongo, 2 kwenye maji, 1 kwenye mbegu, na 1 ikae akiba. Dawa ya chupa haimo, na sababu yake iko mbele. Vipimo vyote humu ni vya tuta moja la mita 1.20 kwa mita 5, yaani mita za mraba 6, na kila panaposemwa ndoo ni ndoo ya lita 20. Tuta hilo likitunzwa linatoa mboga ya kulia bukari (ugali) mara mbili tatu kwa wiki. Anza na moja. Anayetawanya samadi ya tuta moja juu ya matuta manne anabaki na matuta manne yenye njaa.

Kabla ya jembe, jua ulipo

Tafuta mahali panapopata jua saa 6 kwa siku. Katika lupango nyingi za mitaa ya mji huu kama Kenya, Katuba au Ruashi, kinachokula jua ni mwembe au mparachichi, wako au wa jirani. Kivuli cha alasiri mboga za majani hukivumilia, nyanya hazikivumilii. Hata mahali penye mwanga wa kutosha, kaa nje ya mwisho wa matawi ya mti, kwa sababu mizizi yake inafika pale na itakunywa maji yako kabla lengalenga (mchicha) haijayagusa.

Jambo la pili ni zito kuliko jua. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 kinu cha kuyeyusha shaba kikaanza kazi. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki umesukuma moshi wake kwenda kaskazini-magharibi, na vumbi lenye shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi na aseniki limeanguka juu ya udongo wa upande huo. Mtaa wa Penga-Penga ndiko panapojulikana zaidi. Dalili ya udongo ulioathirika sana inaonekana kwa macho: viraka vitupu ambavyo hata magugu hayavitaki, na nyasi fupi za aina moja tu zikiwa zimeachana.

Kama unaishi upande huo, au lupango yako ilijazwa kwa changarawe nyeusi za masalio ya kinu, usipande mboga za majani moja kwa moja ardhini. Tandika mifuko ya zamani juu ya ardhi, panga tofali au mawe pembeni, kisha jaza udongo mzuri ulioletwa kutoka mahali pengine, kina cha sentimita 30 au zaidi. Chokaa na mboji haziondoi madini hayo. Zinayafunga tu ili mizizi isiyanywe kwa wingi, na aseniki haifungwi na chokaa. Kwenye udongo wenye shaka, afadhali upande vinavyoliwa tunda au punje: nyanya, bamia, biringanya, maharage, mahindi. Hivyo hukusanya madini kidogo kuliko majani ya lengalenga, kabichi au spinachi. Mboga za majani za mtaa wenye vumbi zioshwe katika maji matatu, ukibadilisha kila mara. Vumbi la juu ya jani linatoka kwa kuosha. Lililoingia kupitia mizizi halitoki, na ndiyo maana udongo ulioletwa una thamani kuliko beseni la kuoshea. Watoto wanaochezea udongo huo wanawe mikono kabla ya kula. Wala usichote tope la kando ya mito inayopita chini ya viwanda ukidhani umepata mbolea ya bure.

Udongo wa kichuguu, utajiri ulio karibu

Ukitoka mjini upande wowote utaviona: vichuguu vikubwa, vingine mita 4 au 5 kwenda juu, na miti imeota juu yake. Wafyatua tofali wanavijua vizuri, na wakulima wa vijijini pia, ndiyo maana hupenda kupanda mahindi na maboga juu yake na pembeni. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini sana. Maji ya ndani ya kichuguu yanapokauka mwaka baada ya mwaka, yanaacha kalisi ndani yake, na katika vichuguu vya zamani utakuta punje nyeupe ngumu za chokaa. Huku shambani udongo una uchachu. Ndani ya kichuguu kuna dawa ya uchachu huo.

Si kila kichuguu kina chokaa ya kutosha, kwa hiyo upime kwanza. Chukua kijiko kimoja cha udongo mkavu kutoka ndani au chini ya kichuguu, si vumbi la juu lililooshwa na mvua. Uweke kwenye kisahani, mimina siki kidogo juu yake, kisha sogeza sikio. Ukisikia sauti nyembamba kama ya mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango, na ukaona povu dogo linachemka kati ya chembe, chokaa ipo. Udongo ukinyamaza kabisa, bado utasaidia kushika maji, lakini hautapunguza uchachu. Huna siki, kamulia limau. Povu lake ni la polepole zaidi, subiri dakika moja.

Kupata udongo huu kwa pesa ndogo, nenda kwa wafyatua tofali. Tofali mbichi zilizovunjika au kunyeshewa kabla ya kuchomwa kwao ni hasara, kwako ni udongo wa kichuguu uliokwisha kuchimbwa. Uliza ulichimbwa wapi, maana wengine hufyatua kwa udongo wa kawaida wa bondeni, kisha upime kwa siki kama ilivyoelezwa. Tofali iliyochomwa haifai, moto umeshaua tabia ya mfinyanzi. Kama kichuguu kiko kwenye ardhi ya mtu, mwombe mwenyewe. Na kama mchwa bado wanaishi ndani, chota pembeni tu, uwaachie mji wao. Kumbikumbi wa mvua za kwanza wanatoka humo.

Kwa tuta letu ndoo 2 zilizopondwa zinatosha kwa mwaka. Usizidishe. Mfinyanzi mwingi unakauka na kupasuka, na chokaa ikizidi mimea inashindwa kuchukua chuma: majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona hivyo, acha kichuguu na jivu mwaka mzima, ongeza mboji. Tena udongo wa kichuguu hauna naitrojeni ya kutosha kulisha mboga. Ni msingi wa nyumba. Chakula kinatoka kwa kuku.

Mavi ya kuku, na kwa nini yanaunguza

Pembezoni mwa mji kuna wafugaji wengi wa kuku, na mfuko wa mavi yao ndio matumizi makubwa ya pesa katika mwongozo huu. Kabla ya kulipa, fungua mfuko uingize mkono mpaka katikati. Mavi ya kuku wa mayai mara nyingi ni mazito na ya kijivu. Ya kuku wa nyama huja na maranda ya mbao waliyolalia. Maranda yakiwa nusu ya mfuko, punguza bei unayokubali kulipa, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha maranda vinaazima naitrojeni ile ile uliyoinunulia mboga zako, na tuta linageuka njano wiki tatu nzima. Mavi ya namna hiyo yaozeshe miezi 3.

Mavi mabichi hayaendi kwenye tuta hata siku moja. Yana chumvi na amonia zinazounguza mizizi michanga, na yanaweza kuwa na vijidudu vya kuhara vinavyofika mezani juu ya majani. Yaoze kwanza hivi:

1. Chini ya kivuli, mbali na kisima, tandaza nyasi kavu au majani makavu yaliyopondwa, unene wa kiganja. Juu yake tandaza mavi unene wa vidole viwili. Rudia tabaka hizo mpaka mfuko 1 wa mavi uwe umelala pamoja na mifuko 2 ya majani.

2. Kila tabaka linyunyizie maji. Kamata gao moja ulikamue: yakitoka matone mawili matatu ni sawa. Yakitiririka, umezidisha, lundo litanuka. Yasipotoka kabisa, halitapata moto.

3. Funika kwa mifuko ya zamani au majani ya migomba ili mvua isilioshe na jua lisilikaushe.

4. Siku ya tatu choma fimbo katikati, iache dakika 5, kisha ichomoe uishike. Inapaswa kuwa na moto wa kukufanya uiachie. Ikiwa ya baridi, lundo ni kavu au ni dogo mno. Chini ya kimo cha magoti halishiki joto.

5. Geuza kila baada ya siku 7, mara 4, ukiingiza ndani kilichokuwa nje. Baada ya wiki 5 au 6 harufu ya choo cha kuku inakuwa imekwisha, imebaki harufu ya udongo baada ya mvua. Mwezi wa Juni na Julai, kwa baridi yetu, ongeza wiki 2 au 3.

Huna hakika kama imeiva? Jaza kopo nusu samadi nusu udongo, panda punje ishirini za lengalenga. Baada ya siku 5 au 6 nyingi ziwe zimeota zikiwa na ncha za kijani. Ncha zikiungua kahawia, rudisha lundo wiki 2.

Kosa moja linarudiwa na wengi wenye nia njema: kuchanganya jivu la mbabula (jiko la mkaa) na mavi ya kuku ndani ya lundo moja. Mara unasikia harufu kali inayochoma pua na macho. Hiyo ni amonia, na amonia ni naitrojeni uliyonunua ikipanda hewani. Jivu liwekwe peke yake kwenye udongo, wiki 2 kabla ya samadi.

Usichome majani ya uani

Kila asubuhi mji mzima unafagia, na jioni moshi unapanda: majani ya miembe, ya miparachichi, maganda, nyasi. Kile kinachochomwa ndicho udongo wetu umekikosa. Tenga kona moja ya mita 1 kwa mita 1, zungushia fito au mabati chakavu. Sehemu 3 za vitu vikavu kwa sehemu 1 ya vibichi: maganda ya mihogo na viazi, majani ya maharage, magugu ambayo hayajatoa mbegu. Majani ya mwembe ni magumu kama ngozi, yakiwekwa mazima hukaa mwaka. Yatandaze uani yakauke siku mbili, yakanyage au yaponde kwa fimbo, ndipo yaingie. Alizeti mwitu ya kando ya barabara, ile ndefu yenye maua ya njano, ni mbichi bora kuliko zote, inaoza haraka na ina naitrojeni nyingi. Ikate kabla ya kutoa maua. Majani ya mkaratusi yaache kabisa, yana mafuta yanayozuia mimea mingine. Sashe za plastiki na betri za redio zitolewe kwa mkono kabla ya kila kitu, maana hazitoki tena zikishachanganyika.

Lundo hili ukiligeuza kila baada ya wiki 2 linaiva kwa wiki 8 hadi 12.

Kwa wauza makala (mkaa) kuna kitu kingine cha karibu bure: vumbi linalobaki chini ya mfuko. Vipande vidogo vya makala vinashika maji na chakula cha mimea kwa miaka. Lakini vikiingia vikavu vinafyonza kwanza, vinaipa mimea baadaye. Viloweke wiki 2 katika maji ya samadi, kisha uvitumie. Chukua vumbi la makala pekee, si lile lililochanganyika na majivu ya taka na mafuta ya gereji.

Kuchimba tuta

Chimba mwezi wa Septemba au Oktoba kwa ajili ya mvua, au mwishoni mwa Machi kwa ajili ya kiangazi. Udongo mkavu kabisa unavunja mgongo bure: mwagia bido (madumu) 3 za maji jioni, chimba kesho yake.

Pima upana wa mita 1.20, si zaidi, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote bila kukanyaga. Njia ya kupita iwe sentimita 40. Toa udongo wa juu, kina cha kiganja, uuweke kulia. Ulio chini yake ukatue kwa jembe bila kuutoa, kina kingine cha sentimita 15. Hapo ndipo watu hukosea: wanaugeuza udongo mwekundu wa chini ukaja juu, na mbegu zinapandwa kwenye ule usio na uhai. Cha juu kirudi juu.

Mwagia juu ya sehemu iliyokatuliwa ndoo 2 za kichuguu, ndoo 1 ya vumbi la makala lililolowekwa na ndoo 2 za mboji ya majani. Changanya. Rudisha udongo wa juu, kisha tandaza ndoo 1 ya mboji iliyobaki na ndoo 1 ya samadi ya kuku iliyoiva, uchanganye kwa reki sentimita 10 za juu tu. Usipopata kichuguu chenye chokaa, kilo 1 ya jivu lililochekechwa inachukua nafasi yake, ikiwekwa mapema kama ilivyosemwa.

Wakati wa mvua tuta liinuliwe sentimita 20 juu ya njia, maji yasisimame kwenye mizizi. Kiangazi fanya kinyume: tuta lishuke sentimita 10 chini ya njia, na kingo zake ziwe juu kama sahani, ili kila lita uliyobeba kichwani ibaki ndani. Tuta lile lile hubadilishwa kwa reki mara mbili kwa mwaka. Anayeacha tuta la mvua limeinuka mpaka Agosti anamwagilia njia.

Maji ya kiangazi

Kuanzia Mei hadi Oktoba usitegemee wingu. Juni na Julai mboga za majani zinataka kama lita 3 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani karibu bido 1 ya lita 20 kwa tuta. Septemba na Oktoba, joto linapopanda na visima kushuka, hesabu lita 5, bido moja na nusu. Usimwagie kwa kukisia: chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo umegandia, acha leo. Mwagilia asubuhi. Ya jioni inaacha majani mabichi usiku kucha, na ukungu unapenda hivyo.

Kabla ya kuongeza maji, tandaza nyasi kavu unene wa vidole vitatu juu ya tuta mara miche inapofika urefu wa kiganja. Nyasi hizo zinapunguza sana maji yanayopotea kwa jua. Zisishikane na shina, ziache upana wa vidole viwili, la sivyo shina linaoza.

Kopo la kumwagilia si lazima ununue. Chukua bido ya lita 5, choma matundu 15 hadi 20 kwenye kifuniko kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, na tundu moja dogo karibu na mkono wa kushikia ili hewa iingie. Bila tundu hilo la hewa maji yanatoka kwa kukohoa na kufukua mbegu. Kwa nyanya, kata kitako cha chupa ya lita 1.5, toboa tundu 2 za pini kwenye kifuniko, izike kichwa chini pembeni ya mche, kina cha kiganja, uijaze asubuhi. Tundu likiziba, pulizia kutoka upande wa kifuniko.

Maji ya kuoshea vyombo yenye sabuni kidogo yapeleke kwa migomba na miti ya matunda. Ya sabuni ya unga na ya dawa ya kufanya nguo nyeupe yasiguse tuta, chumvi zake zinagandisha udongo.

Nini kipandwe, lini

Matembele ni ya bure na ni ya kwanza. Omba mashina ya sentimita 25 hadi 30, toa majani ya chini, zika theluthi mbili yakilala kidogo, umbali wa sentimita 20. Baada ya wiki 5 au 6 unachuma ncha, na ukichuma ndipo yanapochipua zaidi.

Lengalenga inataka mkono mwepesi. Mbegu zake ni vumbi; kijiko kimoja cha chai kilichopandwa chote mahali pamoja kinatoa zulia la miche myembamba inayogombania chakula. Kwa nusu ya tuta changanya vijiko 2 vya chai na kopo moja la mchanga mkavu, chora mifereji ya kina cha nusu sentimita kila sentimita 20, mimina mchanganyiko, funika kwa vumbi jembamba la mboji. Sisimizi hubeba mbegu usiku. Zungushia jivu kavu. Wiki ya pili punguza, ule uliyoing'oa. Wiki ya nne kata kwa kisu sentimita 15 kutoka ardhini ukiacha vifundo 2 au 3, nayo itakupa mikato 4 hadi 5, kila baada ya siku kama 14. Baada ya kila mkato mwagia maji ya samadi: kopo 1 la samadi iliyoiva katika ndoo ya maji, siku 2, kisha uzimue kwa maji kiasi sawa. Yaende kwenye udongo, si kwenye majani.

Baridi ya Juni na Julai inachelewesha lengalenga. Huo ndio wakati wa kabichi, kabichi ya Kichina, karoti na vitunguu. Vitunguu vihamishwe kutoka kitaluni Mei vikiwa na unene wa kalamu. Kabichi ikae wiki 4 kitaluni, kisha sentimita 40 kati ya mche na mche. Ngai-ngai (mboga ya majani yenye uchachu), bamia, maboga na mahindi vipandwe na mvua za Novemba.

Nyanya hupandwa na wengi wakati mbaya, Desemba, kwa sababu maji ni ya bure. Mvua inaleta ukungu unaogeuza majani kahawia kwa siku chache na matunda kuoza yakiwa ya kijani. Kwa bajeti ndogo, sia Machi, hamisha Aprili, sentimita 50 kwa 60, kila shimo na magao mawili ya samadi iliyoiva, fito ya mita 1.50, na majani yote yanayogusa udongo yakatwe.

Wadudu na magonjwa

Geuza jani kabla ya kulaumu kitu chochote. Adui wengi wako upande wa chini. Vidukari: gramu 30 za sabuni ya kipande ziyeyushwe katika lita 5 za maji, nyunyizia chini ya majani jioni, rudia baada ya siku 4. Viwavi vya kabichi viokote kwa mkono asubuhi. Kwa tuta moja ni kazi ya dakika 10. Vikizidi, utupa unasaidia, ule mmea ambao majani yake hutumiwa kulevya samaki. Ponda kilo 1 ya majani mabichi, loweka katika lita 5 za maji usiku mmoja, chuja, ongeza sabuni kidogo. Nyunyizia jioni kwa sababu jua linaua nguvu yake, subiri wiki 1 kabla ya kuchuma, na masalio yasifike mtoni wala kwenye bwawa la samaki.

Dawa inayouzwa kwa kumiminwa kwenye vichupa visivyo na karatasi usiinunue. Hujui ni ya nini, hujui kipimo, hujui siku za kusubiri kabla ya kula. Mboga za majani huchumwa kila mara, na sumu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye sahani ya watoto wako.

Nyanya ikinyauka ghafla mchana ikiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Subiri dakika 5 ukitazama kwenye mwanga. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa. Ng'oa mche na udongo wa mizizi yake, utupe mbali na lundo la mboji, osha jembe, na kwa miaka 3 tuta hilo lisipandwe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo. Lipe mahindi, vitunguu au lengalenga. Maji yakibaki safi, chimba utazame mizizi: vinundu kama shanga ni minyoo ya udongo, nayo hupungua kwa mboji nyingi na kubadilisha mazao. Mizizi ikiwa myeupe isiyo na kasoro, huenda ni kiu tu.

Kuku wa nyumbani ndio wanaoharibu tuta haraka kuliko wadudu wote. Matete yaliyosukwa, kimo cha mita 1, yanatosha.

Mwisho wa msimu chagua miche 3 ya lengalenga iliyo mikubwa na iliyochelewa kutoa maua, usiikate. Vichwa vikikauka vipukute juu ya beseni, pepeta, anika kivulini siku 3. Za nyanya zikamulie kwenye kopo na maji yake, ziache siku 2 au 3 mpaka utando ule wa utelezi utoke, kisha osha na uanike. Zilizotoka kwenye paketi iliyoandikwa F1, yaani chotara, usizihifadhi, watoto wake hawafanani na mama. Tia mbegu kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha jivu kilichofungwa kwenye kitambaa, andika jina, mwezi na mwaka kwenye kipande cha karatasi, nacho ukitie ndani ya chupa hiyo hiyo.